Gari Halitoki Hadi Aprili

Theda alimwambia mwanawe kwamba wanakwenda kujaza upepo kwenye magurudumu. Huo haukuwa uongo. Walijaza kweli, katika kituo cha mafuta pembeni mwa mji, mumewe Wiard akiwa ameketi kiti cha abiria na fimbo yake katikati ya magoti. Ila walipomaliza, badala ya kugeuza gari kurudi nyumbani, Theda aliingia barabara ya kusini na kukanyaga mafuta.

"Theda," Wiard akasema. Tangu apatwe na kiharusi maneno yalimjia moja moja, na mengine hayakuja kabisa. "Nyumbani... kule."

"Najua nyumbani ni wapi."

Wiard alilitafakari hilo mpaka wakapita kibao cha mwisho chenye jina la mji wao. Kisha akacheka, kwa ule upande wa mdomo uliokuwa bado unacheka.

Nyuma yao kulikuwa na kila kitu walichohitaji, maana gari lenyewe lilikuwa nyumba: jiko dogo la gesi, sinki lisilozidi bakuli, meza ya kukunja, na mwisho kabisa kitanda chembamba ambacho watu wawili hawawezi kukilalia bila kupatana. Walilinunua wakati Renko, mtoto wao wa pekee, alikuwa hajaanza shule. Miaka yote hiyo Wiard ndiye aliyeliendesha na Theda akashika ramani. Leseni Theda alikuwa nayo, ile ya zamani ya karatasi ya kijivu, yenye picha ya msichana mwenye nywele ndefu asiyemwogopa mtu. Lakini usukani wa gari hili hakuwahi kuugusa, kwa kuwa Wiard alikuwa na wivu nalo.

"Gia," Wiard akasema walipofika kwenye taa.

"Nimeisikia."

"Inalia."

"Acha ilie. Hata mimi nimelia mwaka huu, na bado natembea."

Kiharusi kilikuja majani yakianza kuchipua, kikachukua mkono wa kulia wa Wiard, nusu ya mguu na sehemu kubwa ya maneno. Majira yote ya joto Theda alimwogesha, akamvisha, akamkatia nyama. Siku moja Renko alifika bila taarifa, akamkuta mama yake amelala chali kwenye sakafu ya bafu, baba yake juu yake, wote wawili wakicheka kwa sababu hakuna aliyeweza kuinuka. Renko hakucheka. Aliwainua, akatoka, akasimama muda mrefu nyuma ya mlango. Kesho yake akaanza kupiga simu huku na huku.

Alikuwa mtoto mwema, hilo lazima lisemwe. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu udereva, na kama walimu wengi wa udereva, aliiona ajali kabla haijatokea. Alitafuta mpaka akapata nafasi katika nyumba ya wazee yenye sifa nzuri na bustani pana. Nafasi yenyewe ilikuwa moja. Baba angeingia mara Novemba ikianza. Mama angebaki nyumbani na kwenda kumtembelea.

"Wakati wowote utakao, Mama," Renko alisema siku walipokaa sebuleni pamoja na mwanamke wa bima ya kutunza wazee. "Mlango uko wazi mpaka jioni."

"Na usiku?"

"Usiku utapumzika. Ndiyo maana yake hasa. Utalala vizuri kitandani kwako."

"Kitanda changu ni cha watu wawili."

Mwanamke wa bima alitazama ndani ya kikombe chake. Wiard alikuwa amekaa pale pale karibu na dirisha, nao walimzungumzia kama watu wanavyozungumzia kabati linalohamishwa: litapitaje mlangoni, nani atalibeba. Hakuna aliyemuuliza kitu, kwa sababu jibu lake lingechukua muda.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa wakaenda kujaza upepo.

Mwanzoni Renko hakuhangaika sana. Gari la wazazi wake lilikuwa na namba ya msimu, kama mengi ya aina hiyo. Kwenye ukingo wa kibao cha namba iliandikwa nne juu na kumi chini, yaani gari linaruhusiwa barabarani tangu Aprili hadi Oktoba. Oktoba ikiisha haliruhusiwi hata kusimama kando ya njia, sembuse kutembea. Kila mwaka Wiard alilirudisha kwenye ghala la kaka yake kabla majani hayajamalizika kuanguka, akalifunika turubai, akaliaga.

"Watarudi," Renko alimwambia mkewe. "Baba maisha yake yote hajavunja sheria, hata ya kutupa chupa kwenye pipa la taka za karatasi."

Hata hivyo alipiga simu kila siku.

"Mama, mko wapi?"

"Barabarani."

"Barabara gani?"

"Nyembamba. Siwezi kuongea, kuna trekta."

Na trekta lilikuwepo kweli. Walikuwa wametoka kwenye nchi yao tambarare, ambako mgeni wa Jumapili huonekana tangu Ijumaa, wakaingia kwenye vilima. Theda hakuwa amezoea barabara zinazojificha. Kila kona aliiendea kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha wenyewe. Misitu ilikuwa imewaka kwa rangi, nyekundu juu na manjano chini, na majani yaliyolowa yalibandikwa kwenye kioo mpaka kifutio kikayakokota. Nyuma yao foleni ikarefuka. Dereva mmoja wa lori alipopata nafasi ya kupita, akashusha kioo.

"Bibi, unaendesha au unapanda miti?"

"Napanda miti," Theda akajibu. "Pita taratibu usiikanyage."

Wiard alicheka mpaka akakohoa. Kisha akainua mkono wake mzima kuyasalimu magari-nyumba mawili yaliyokuja mbele yao, kwa sababu watu wa magari hayo husalimiana, na Theda hakuthubutu kuachia usukani.

Siku zilivyopita aliona jambo ambalo hakulitarajia. Nyumbani kwao Wiard alikuwa mtu wa kuanguka. Sebule ilikuwa pana, ukumbi ulikuwa mrefu, na kati ya kiti na kiti palikuwa na utupu ambao mguu wake haukuuweza. Ndani ya gari hapakuwa na utupu. Kutoka kitandani alishika kabati, kutoka kabatini akashika meza, na kutoka mezani akashika bega la mkewe. Alikwenda mwenyewe mpaka kwenye jiko akawasha moto wa chai. Asubuhi ya kwanza alipofanya hivyo, Theda alijifanya amelala ili asimharibie.

"Chai," Wiard akasema, akimnyooshea kikombe. "Mama mvivu... amka."

Hayo yalikuwa maneno manne. Theda aliyapokea pamoja na kikombe, akanywa, maana kama angesema kitu angelia, na chai ingepoa.

Walifika bonde la mto Mosel mavuno ya zabibu yakiwa yamekwisha. Kwa miaka mingi walikuwa wakipumzika pale kila vuli, katika ua wa mjane mmoja mkulima wa zabibu aitwaye Mama Thielen, mwanamke mfupi mwenye viganja vilivyobadilika rangi kwa kazi ya mvinyo. Alimtazama Wiard akishuka kwenye gari, mguu kwanza, fimbo baadaye, na hakuharakisha kwenda kumsaidia.

"Umezeeka, Wiard," akasema.

"Na wewe... mbaya zaidi."

"Basi kichwa bado kinafanya kazi. Karibuni."

Theda alimweleza yote wakiwa wawili, ndani ya ghala lililonuka juisi inayochacha. Mama Thielen alisikiliza huku akisafisha bomba.

"Wachumaji wangu wameshaondoka," akasema mwishoni. "Bafu lao liko chini, halina ngazi. Umeme mtavuta kwa waya kutoka hapa. Theluji ikizidi mtaingia ndani kwangu, na mume wako atanitukana wakati wote wa baridi, nitachangamka. Yuko muuguzi anayezunguka kijijini kila asubuhi kuwahudumia wazee. Nitamwambia apite."

"Mwanangu atakuja kutuchukua."

"Aje. Ua ni wangu."

Renko alijua wazazi wake hupumzika wapi kila vuli, akaja siku ya mwisho ya Oktoba, ambayo kwao kaskazini ni sikukuu. Alikuja kwa treni, maana alipanga kurudi akiendesha gari lenyewe, na kulifikisha ghalani kabla ruhusa haijaisha. Aliingia uani mchana, akiwa na mkoba mdogo na uso wa mtu aliyefanya mazoezi ya maneno yake njia nzima. Alimbusu mama yake. Alimshika baba yake bega. Kisha akalizunguka gari, akayapiga magurudumu kwa ncha ya kiatu, na kuona mchubuko mrefu ubavuni.

"Hiki nini?"

"Ukuta," Theda akasema. "Ulikuwa umesimama vibaya."

"Mama, ni safari ya saa nyingi. Inatupasa tuondoke sasa hivi."

"Huli kwanza? Mama Thielen ameoka keki ya vitunguu. Utamwambia nini?"

Hapo Renko alishindwa, maana kukataa chakula cha mwenye nyumba hakukuwa ndani yake. Wakaketi mezani ndani ya gari, magoti yakigusana. Mama Thielen alileta keki ikitoa mvuke, na jagi la mvinyo mchanga wa mwaka ule, wenye ukungu na utamu, ambao haukuwa umemaliza kuchacha. Bilauri zote za kwenye gari zilikuwa zimevunjika kwenye zile kona za vilimani. Vikombe vya chai, vile vidogo vyenye ua jekundu ambavyo kila nyumba ya kwao inavyo, vilikuwa vimening'inia kwenye kulabu zake vizima. Theda akamimina humo.

"Kidogo tu," Renko akasema. "Nina usukani."

"Ni kama maji ya matunda."

Alionja. Ilikuwa kweli, ni kama maji ya matunda. Keki ilikuwa na chumvi, na maneno aliyokuja nayo yalimkausha koo. Alieleza habari za bustani ya ile nyumba ya wazee, na chumba chenye dirisha la mashariki, na mtaalamu wa kufundisha watu kuzungumza upya. Alieleza kwa upole, kisha kwa haraka, na kila alipoweka kikombe mezani mama yake alikijaza.

Watu wa kwao hunywa chai vikombe vitatu. Kuishia kimoja au viwili ni kumwaibisha aliyekukaribisha. Na anayetaka kuacha huweka kijiko ndani ya kikombe. Asipoweka, ataendelea kumiminiwa. Renko alilelewa hivyo tangu kikombe chake kikiwa cha maziwa. Mkono wake ulikijua kile kikombe kuliko akili yake ilivyokijua kilichomo. Wala Theda hakuwa ameweka vijiko mezani.

Mama Thielen alirudi kuchukua sahani. Alitazama jagi, akamtazama Renko.

"Umekunywa vingapi, kijana?"

"Vitatu," Renko akasema, na aliposema akaukumbuka usukani.

"Basi leo utalala hapa. Mvinyo huo hauna haraka, lakini unafika kichwani. Kila mwaka kuna mtu wa kaskazini tunayemwokota shambani."

Renko aliweka kikombe chini taratibu. Masikio yalikuwa yameanza kumwiva. Alikuwa amesimama mbele ya wanafunzi maisha yake yote akiwaambia kwamba kikombe kimoja ni kingi. Alimtazama mama yake, ambaye naye alikuwa amekunywa, na baba yake, ambaye hakuruhusiwa kuendesha tena.

"Umefanya makusudi."

"Ndiyo."

"Mama."

"Nilikulea kwa vikombe vitatu. Sikujua kwamba siku moja vingenifaa hivi."

"Ruhusa ya gari inaisha leo."

"Najua kusoma kibao. Inaisha leo, na gari liko ndani ya ua wa mtu, si barabarani. Hapa halivunji sheria yoyote, hata liote uyoga." Theda alikunja mikono kifuani. Alikuwa ameyasema maneno haya moyoni kwa siku nyingi, na yalikuwa matamu kuliko mvinyo. "Halitoki hadi Aprili. Si mimi ninayesema, ni serikali."

Renko alijipangusa uso kwa viganja.

"Kuna namba za muda," akasema kwa sauti ya chini. "Unaomba ofisini, unapewa za siku chache, za kulihamisha gari tu. Kesho hapa ni sikukuu. Keshokutwa nitazipata."

Theda hakulijua hilo. Wiard aliona uso wa mkewe ukishuka kidogo, akanyoosha mkono wake mzima, akaufunika wa Theda juu ya meza. Nje kuku wa Mama Thielen walikuwa wakipekua maganda ya zabibu.

"Basi zilete," Theda akasema.

"Unakubali?"

"Hapana. Nasema zilete, uone. Nimekuwa nikijificha nyuma ya kibao, na sitajificha tena. Ukija na namba za muda nitakataa. Ukija na daktari nitakataa. Ukiwaleta wale wa bima wakae hapa wanywe mvinyo wangu, nitawamiminia na nitakataa. Sitaki kumtembelea mume wangu. Watu hutembelea makaburi. Mimi nataka kulala kando yake, anikorome sikioni mpaka nimsukume ukutani."

"Na ukianguka naye tena? Mama, wewe huna nguvu hizo."

"Tutaanguka. Tulianguka bafuni tukacheka. Aliyelia ulikuwa wewe, nyuma ya mlango. Nilikusikia."

Renko akainamisha kichwa. Alipozungumza tena, hakuwa mwalimu wa mtu.

"Naogopa."

"Najua, mwanangu. Ogopa. Sitakuzuia kuogopa. Ila usinipangie kitanda."

Ndipo Renko akafanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya tangu majani yalipochipua. Alimgeukia baba yake, akaegemea mbele, akauliza.

"Baba. Wewe unataka nini?"

Jibu lilichukua muda. Mdomo wa Wiard ulitafuta, ukakosa, ukatafuta tena. Theda alilijua neno la kwanza na angeweza kumpa, lakini aliuma ulimi. Renko naye alisubiri, bila kutazama saa.

"Wewe," Wiard akasema. "Mdogo. Ulikuwa... unaota. Unakuja. Kitandani kwetu. Kila usiku." Akapumua. "Miguu... baridi."

"Nakumbuka."

"Hatuku..." Neno lilikataa. Akalipiga meza kwa kiganja, akalianza upya. "Hatukukufukuza."

Renko alisukuma kikombe kando.

"Usinifukuze," Wiard akasema, na hilo lilitoka zima, bila kukatika.

Kisha akashika meza, akashika kabati, akashika mlango, akashuka nje. Theda alidhani anataka hewa. Lakini waliposikia chuma kikigonga chuma walitoka wote wawili, wakamkuta amepiga goti moja kwenye changarawe, fimbo imelala kando, ameutoa mpini wa jeki na anaishusha miguu ya gari. Ni miguu ya chuma ya kwenye pembe, inayoteremshwa ili gari lisitikisike. Asiyekusudia kukaa haihangaikii. Aliuzungusha mpini kwa mkono wa kushoto, nusu duara, akapumzika, nusu duara nyingine. Theda alimzuia Mama Thielen, aliyekuwa anakuja kusaidia.

Renko alisimama akitazama. Mguu wa kwanza ulifika chini. Wiard akajikokota hadi pembe ya pili, upande wa mteremko, akaanza tena, na mguu ukaanza kuzama kwenye udongo laini.

"Hapo utazama, Baba," Renko akasema. Hakuweza kujizuia. "Weka ubao chini."

"Lete," Wiard akasema.

Renko akaenda kutafuta kando ya ghala, hatua zake zikiwa si thabiti sana, akarudi na kipande cha ubao wa sanduku la zabibu. Akapiga magoti kwenye matope kwa suruali yake ya safari, akausukuma chini ya mguu wa chuma, akaushikilia sawa mpaka baba yake akamaliza kuzungusha. Vichwa vyao vilikuwa karibu. Theda hakusikia walichosema, kama walisema.

Alipoinuka, Renko alitoa simu. Alikwenda kusimama karibu na pipa la mvua, akawapa mgongo, lakini ua ulikuwa mdogo na sauti yake ilikuwa imekunywa.

"Habari za mchana. Napiga kuhusu chumba cha baba yangu, kile cha dirisha la mashariki. Mpeni mwingine anayekingoja." Akasikiliza. Mkono wake ukapanda kisogoni, ukakaa hapo. "Hapana, asante, msinipe pole. Hajafariki." Akageuka, akamtazama baba yake aliyekuwa ameshafika pembe ya tatu, na mama yake aliyesimama juu yake na mpini wa akiba mkononi.

"Amekataa," akasema.